Zeze la Wazungu na Mkia wa Balozi

Jumanne, 1 Julai 1997

Nimeshtuka. 

Shangazi Pudensiana amerudi kutoka Kakese saa tisa alasiri. Nilimtuma kama mshenga kwa Mzee Machibya, akaniombee binti yake Kabula. Nilimpa maneno machache tu, nikamfanya ayarudie mara nne: Baltazari ni fundi redio, ana kibanda chake Majengo, nyumba yake ina bati. Basi! Akaenda. Akasalimia. Akamkuta Mwandu, jirani yangu, amekaa uani anapiga zeze, na Mzee Machibya amefumba macho kwa raha. Mzee akafumbua macho, akamuuliza: na huyo kijana wako, yeye anapiga nini?

Shangazi anasema ulimi ulimponyoka. Alijibu kwamba mimi napiga zeze la Wazungu.

Zeze la Wazungu! Mimi! Sijawahi kupuliza hata filimbi ya mpira. Shangazi anajitetea kwamba aliiona fidla kibandani kwangu. Ndiyo, ipo. Ni ya Padre mzee wa misheni. Aliileta mwezi wa nne nimgundishie shingo, na shingo bado inalegea. Nikamwambia kibandani kwangu kuna pia saa ya ukutani na tarumbeta lililopasuka, mbona hakuyataja hayo? Akasema mwanamke aliyetembea kwa miguu mpaka Kakese haulizwi maswali kabla hajapewa maji.

Mzee amefurahi mno. Ameagiza niende Jumapili ya tarehe 13, mpunga ukishaingia ghalani, nipige mbele ya ukoo wote. Mwandu naye atapiga. Baada ya hapo ndipo atatoa jibu kuhusu Kabula.

Sasa nimeelewa kila kitu. Mwandu anamtaka Kabula! Mwandu fundi cherehani, jirani yangu, baraza lake hatua kumi kutoka kibandani kwangu, anayeniamkia kila asubuhi kama mtu mwema. Ana mke, lakini mke mmoja hajawahi kumzuia mtu. Nyoka!

Jumatano, 2 Julai

Sikulala. Nilikuwa namwaza Kabula. Anauza mchele sokoni. Tulijuana kwa sababu ya redio yake, aliyoileta mwezi wa kwanza ikiwa bubu. Nikaitengeneza. Wiki moja baadaye akairudisha, bubu tena. Mara ya tatu nikagundua haina ugonjwa wowote, ila waya mmoja umechomolewa kwa mkono. Nikamwonya ajihadhari na panya. Alicheka mpaka akakaa chini. Sijui alichekea nini, lakini tangu siku ile chakula hakipiti.

Asubuhi nimefungua sanduku la fidla. Mama yangu! Ina nyuzi mbili, na vigingi vinne. Upinde wake umebaki mti mtupu, nywele zote zimeliwa na wadudu. Padre alikuwa anapigia nini, sala?

Mimi ni fundi. Sikukata tamaa. Nimechukua waya wa breki ya baiskeli, nikaufumua uzi mmoja mmoja, nikaziba pengo la nyuzi mbili zilizokosekana. Shingo nimeigundisha. Upindeni nimefunga katani kwa muda. Nikaiweka fidla begani kama nilivyoona kwenye kalenda, nikavuta.

Mama ntilie wa jirani, Christina, alikuja mbio na mwiko mkononi, akauliza nani anachinja mbuzi bila kumfunga mdomo. Wateja wake wawili walikuwa wameacha wali mezani. Nikamwambia ni redio inatafuta mawimbi. Akasema basi imeyapata, niizime.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepata mpango. Mzee Nasoro, Mwarabu mwenye duka la vitambaa, ana udi wa kupiga, ule wenye nyuzi, umetundikwa juu ya magunia ya sukari. Babu yake aliuleta kutoka Unguja kwa miguu ya wapagazi. Nimekwenda kujifanya napita tu. Nikausifu udi. Nikamwambia nitamtengenezea redio yake bure ikiwa atanielekeza kidogo mambo ya nyuzi, maana nafanya utafiti. Akautungua, akaufuta vumbi, akaanza kupiga.

Nimeshtuka mara tatu mfululizo. Kwanza, udi hauna upinde kabisa! Unadonolewa kwa unyoya wa ndege. Pili, shingo yake imepinda kwa nyuma kama iliyovunjika, nikamwambia ninayo gundi nzuri, naye akaniangalia vibaya. Tatu, na hili ndilo kubwa: anasema fidla si ya Wazungu! Babu wa fidla ni rababa, chombo cha Waarabu cha kukokota kwa upinde. Kilivuka bahari kikaenda Ulaya, kikanenepa kiuno, kikarudi kimevaa koti. Tena anasema huko Uarabuni wapo wanaoisimamisha fidla juu ya goti badala ya kuiweka begani.

Yaani miaka yote hii nimekuwa nikiiheshimu kama mgeni, kumbe ni ndugu aliyesafiri.

Nikamuuliza itanichukua muda gani kujifunza. Akasema kushika, mwaka mmoja. Nikamwambia nina siku kumi. Akautundika udi wake mahali pake, akaniuliza nataka kitambaa cha rangi gani.

Jumamosi, 5 Julai

Leo ndiyo nimeshtuka kweli. Nilikuwa najaribu redio ya mteja kwenye masafa mafupi. Nikaikamata ile idhaa ya Wachina wanaozungumza Kiswahili. Mtangazaji akasema sasa tutasikia muziki wa kale. Ukaanza. Nikasimama wima na bisibisi mkononi. Zeze! Wachina wana zeze! Lina nyuzi mbili, kisanduku kidogo cha ngozi ya chatu, na upinde umepita katikati ya nyuzi, hautoki. Mtangazaji alieleza vizuri sana. Sauti ya zeze hilo ni ya mtu anayelia lakini hataki kusumbua majirani.

Nimerekodi yote kwenye kaseti, kwa mazoea tu.

Basi dunia nzima inakokota! Mwarabu, Mzungu, Mchina, Mnyamwezi. Ni mimi peke yangu nisiyejua. Aibu iliyoje.

Jioni nimeamua kumpeleleza Mwandu. Nimekwenda na suruali yenye tundu (nililitoboa mwenyewe kwa bisibisi). Wakati anaishona nikalitazama zeze lake pembeni: kibuyu, fimbo, uzi mmoja. Mmoja! Nikamuuliza kama mtu asiyejali, huo upinde wako unaupaka nini mpaka unakamata uzi namna hiyo? Akanijibu bila kusita. Utomvu wa mti, uliokauka. Akanionyesha donge lake. Akakata kipande, akanipa bure, akasema jirani ukikwama njoo.

Hivi ananiona mtoto? Mtu gani anampa mshindani siri yake hivi hivi? Ni mtego. Utomvu ule ungenikwamisha mchana kweupe. Nimeutupa jalalani. Wilaya yote hii inaishi kwa nyuki, siri yenyewe lazima ni nta. Nimenunua donge la ukubwa wa ngumi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika. Mimi sina mapumziko.

Jana baada ya misa nilimuuliza Mzee Nasoro, nikiwa nimeirudisha redio yake, kwamba upinde wa fidla unafungwa nini. Akasema singa za mkia wa farasi. Farasi! Hapa Mpanda! Nimezunguka mji mzima leo asubuhi nikiuliza. Mtu mmoja alidai alimwona farasi Tabora mwaka 1974. Mwingine alinishauri pundamilia, akanionyesha upande iliko mbuga ya Katavi, kisha akaniomba nimwachie baiskeli yangu kama urithi.

Nikafikiri. Mkia ni mkia. Nikachukua mkasi wa kibandani nikaendesha baiskeli njia ya Kakese. Karibu na mto nikakuta ng'ombe wengi wanakunywa maji, wachungaji wako mbali wanaoga. Na hapo akasimama mbele yangu dume mmoja mweupe, mkubwa kama gari la misheni, na mkia wake una kishungi kirefu, cheupe, laini, kinachoninginia mpaka karibu na ardhi. Nikamwamkia. Hakujibu. Nikakata.

Kishungi chote! Hakusikia hata kidogo. Aligeuka tu akanitazama, nami niliona aibu kidogo, nikamwambia zitaota. Nimerudi nikiimba.

Jumanne, 8 Julai

Mungu wangu. Mungu wangu. Mungu wangu.

Christina alikuja asubuhi na habari kabla hajabandika hata chai. Jana jioni Kakese nzima ilipiga mwano, ile yowe ya hatari ambayo ikilia kila mwanamume anatoka na upinde wake. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wamekusanyika. Kuna mchawi! Amemkata mkia dume la plau la mtu, kwa mkasi, bila kuiba nyama, bila kuiba ngozi. Mwizi wa kawaida huchukua ng'ombe. Huyu amechukua nywele tu, kwa hiyo amezipeleka kwa mganga ili amalize zizi zima.

Nikamuuliza dume la nani, nikijua moyoni kwamba Mungu ana huruma.

La Mzee Machibya. Dume lenyewe linaitwa Balozi. Analima naye mashamba ya mpunga, anamsifu kwenye nyimbo, na watu husema anampenda kuliko alivyompenda kaka yake.

Nilikaa juu ya redio ya mteja. Imevunjika.

Mtemi wa sungusungu ametangaza adhabu. Akipatikana, atatengwa. Hakuna wa kumwamkia, hakuna wa kumpa moto wala maji, duka halimuuzii chumvi, na akifiwa atazika peke yake. Na mimi Jumapili natakiwa niende huko huko, kwa Mzee huyo huyo, nikiwa na mkia wa Balozi mkononi, kuomba binti!

Nilifikiri kukiri. Niliwaza jambo hilo kwa muda wa kutosha, kama dakika mbili hivi.

Alhamisi, 10 Julai

Suluhisho: dawa ya viatu. Nyeusi. Nimezipaka singa zote za Balozi mpaka hata mama yake asingezitambua. Kisha nimezifunga upindeni, nikazisugua nta ya kutosha, nikavuta juu ya nyuzi.

Kimya.

Nikavuta tena kwa nguvu. Kimya kabisa! Upinde unateleza kama sabuni juu ya kigae. Hakuna hata mkwaruzo. Nimevuta nusu saa. Christina alipita akanisifu, akasema leo nimepiga vizuri.

Kwa nini nta haifanyi kazi? Lazima Mwandu ameniloga. Amepita barazani kwangu leo na kuniuliza kama ule utomvu ulifaa. Nikamwambia ulifaa sana. Akafurahi! Mnafiki wa namna hii sijapata kumwona.

Ijumaa, 11 Julai

Niende sokoni nikamwone Kabula kabla ya siku ya hukumu, nilijiambia. Sikumpata. Amekaa nyumbani, anamwuguza Balozi kwa huzuni, ingawa Balozi hana ugonjwa.

Lakini nimekutana na Séverin, Mrundi wa Katumba anayeuza maharage. Siku za soko huwa anakuja na inanga yake: kibao kipana kama sinia la ubao, na uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi mara nane. Alikuwa anapiga pembeni ya magunia. Haimbi kwa sauti. Ananong'ona! Watu kama ishirini walikuwa wamemwinamia, hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja alikuwa na kuku mkononi, na kuku naye ametulia. Nilishtuka. Chombo hakisikiki hatua tano, na soko zima limenyamaza kwa ajili yake!

Alipomaliza nikamuuliza siri ni nini. Akasema hakuna siri, alijifunza kwa baba yake miaka kumi na miwili. Wote hawa wana jibu moja, ni kama wamepanga.

Lakini njiani mwanga ukanijia. Kimya si ubaya! Upinde wangu hautoi sauti, na hiyo ni zawadi. Mtu mwenye fidla isiyolia na kaseti inayolia ana nini? Ana fidla inayolia!

Ninayo kaseti ya Wachina. Ninayo redio kaseti ndogo. Nimechukua sanduku la mbao la sabuni, nimeifunga redio ndani, nimetoboa matundu ya sauti, na kwa nyuma nimepitisha kijiti: nikikipiga kwa kisigino cha kulia inaanza, cha kushoto inazima. Nitakalia sanduku. Nitasema ndiyo desturi ya Ulaya, mpiga fidla hukalia sanduku lake. Muziki unachukua dakika sita. Baada yake mtangazaji anaanza kuongea, kwa hiyo dakika ya tano na nusu, kisigino cha kushoto. Nimefanya mazoezi mara thelathini. Sijakosea hata mara moja.

Samahani, Mwandu. Umekwisha.

Jumapili, 13 Julai

Naandika nikiwa hai. Niliandike hilo kwanza.

Nilifika saa nane mchana. Uani watu hawahesabiki. Wazee kwenye vigoda, akina mama kwenye mikeka, sungusungu wamesimama nyuma na pinde zao, macho makali, bado wanamtafuta mchawi. Balozi amefungwa kwenye mti karibu na lango. Aliponiona, akanitambua! Alinyoosha shingo akanifuata kwa macho mpaka nilipokaa. Nilimpa mgongo.

Kabula alikuwa mlangoni na mama yake. Aliitazama fidla, akanitazama mimi, akakunja uso kama mtu aliyeuziwa kitu ambacho hakuagiza. Nilidhani ni mapenzi.

Mwandu alianza. Alikaa chini kabisa, goti lake limegusa goti la Mzee, akapiga kwa uzi wake mmoja. Nakiri alipiga vizuri. Mzee alitikisa kichwa taratibu. Kisha wakaniita.

Nikakalia sanduku langu, hatua kumi na tano kutoka kwa Mzee. Nikaeleza desturi ya Ulaya. Nikaweka fidla begani. Kisigino cha kulia.

Jamani! Ilitoka sauti ya ajabu. Uwanja mzima ulinyamaza. Nilivuta upinde, nikafumba macho, nikayumba kidogo. Mama mmoja alianza kufuta machozi. Shangazi Pudensiana, aliyenijua tangu nanyonya, alishika kifua na kumwambia jirani yake kwamba kumbe hakudanganya! Niliona mtemi wa sungusungu ameshusha upinde wake. Na nikamwona Mzee Machibya anainama mbele, mkono nyuma ya sikio. Kisha akaniita kwa kidole. Akasema kwa upole kabisa: sogea hapa mwanangu, masikio yangu yamezeeka, njoo upige karibu na goti langu.

Sikuwa nimefanya mazoezi ya hilo.

Nikajifanya sijasikia. Ukoo mzima ukaniambia, baba anakuita. Vijana wawili wakaja wakaninyanyua kwa heshima, huku na huku, fidla begani, nikaendelea kuvuta upinde njia nzima kwa sababu sikujua la kufanya. Wakanikalisha miguuni pa Mzee. Mzee akaliweka sikio lake juu ya fidla.

Muziki ulikuwa umebaki kule nyuma, kwenye sanduku.

Nilivuta. Mzee alisikiliza. Akainua kichwa akatazama sanduku. Akaweka sikio tena juu ya fidla. Akatazama sanduku. Na hapo hapo muziki ukaisha, na sanduku likasema kwa Kiswahili safi, kwa sauti ya mwanamke wa Kichina: wasikilizaji wapenzi, ni matumaini yetu mmeburudika, na sasa mavuno ya ngano.

Watu walikimbia! Wengine waliruka ua. Mtemi wa sungusungu mwenyewe alirudi nyuma akamkanyaga mama yake. Ni Kabula peke yake aliyekwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akalipindua, akafungua, akachomoa waya mmoja kwa mkono. Likanyamaza. Ndipo nilipotambua kwamba mkono ule umezoea kazi ile. Nilishtuka mpaka nikasahau kukimbia.

Kumbe hata ningekumbuka, Mzee alikuwa ameushika upinde wangu. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa dawa ya viatu. Akavitazama. Akachukua ncha ya shuka lake, akazifuta zile singa taratibu, mara moja, mara mbili. Zikawa nyeupe. Akazishika kama mtu anavyoshika nywele za mwanawe. Akasema: Balozi.

Mwano. Ukiwa ndani yake, mwano hausikiki kama yowe, unasikika kama mvua ya mawe.

Aliyeniokoa ni Mwandu. Ndiyo. Alisimama mbele ya pinde zile, akawaambia sungusungu, nyie ngojeni, huyu si mchawi, ni mjinga. Akamgeukia Mzee, akamwita baba mkubwa, akamwomba asiharibu siku ya dada yake Kabula kwa ajili ya nywele.

Baba mkubwa! Dada yake! Baba zao wamezaliwa tumbo moja. Mwandu hakumtaka Kabula hata siku moja. Alikuwa amekuja kumpigia zeze baba yake mkubwa, kama anavyofanya kila mwezi. Siku kumi na tatu nimekuwa nikishindana peke yangu.

Mzee alizilaza singa zile juu ya goti lake. Kisha akasema jambo lililonishtua kuliko yote. Kwamba wapiga zeze wote wa Kakese humwendea kuomba singa za Balozi, naye huwapa siku hiyo hiyo, tena anawashukuru, kwa sababu dume ambalo mkia wake unaimba ni sifa ya mwenye zizi. Hata upinde wa Mwandu umefungwa singa hizo. Desturi ni kuomba tu. Akaniuliza kwa nini sikuomba.

Nilimtazama Balozi. Naye alinitazama.

Adhabu imepunguzwa. Sitatengwa. Nitawalisha sungusungu mbuzi mmoja, na nitatengeneza redio zote za Kakese bure. Nilidhani zitakuwa kama tano. Zimeletwa thelathini na moja, na nyingine zinakuja.

Kuhusu Kabula, Mzee hakusema lolote.

Jumatatu, 14 Julai

Padre amekuja kuchukua fidla yake, leo hii, baada ya miezi mitatu! Akaona nyuzi za breki. Akaona nta. Akaona dawa ya viatu, na singa za ng'ombe. Aliigeuza huku na huku. Akauliza taratibu kama kuna sehemu yoyote iliyobaki kuwa ya kwake. Nikamwonyesha shingo, nikamwambia nimeigundisha. Akaishika, ikabaki mkononi mwake.

Jumatano, 16 Julai

Nimetengeneza redio kumi na nne tangu juzi. Mgongo unauma.

Shangazi Pudensiana amerudi kutoka Kakese. Nilijifunika blanketi nisisikie. Akalifunua. Anasema Kabula ndiye aliyemwita, akamweleza mbele ya mama yake. Kwamba amelala na kuamka na zeze tangu azaliwe, zeze asubuhi, zeze jioni, zeze akiwa na homa. Kwamba alikuwa anataka mtu wa redio. Kwamba amechomoa waya ule mara saba tangu mwezi wa kwanza, na kama mtu haelewi hata hapo, afanyeje tena mtoto wa watu? Anasema aliponiona Jumapili naingia na fidla alitamani kulia.

Nilikaa kitandani. Nililia kidogo mimi mwenyewe. Shangazi akajifanya anatafuta kiberiti.

Na Mzee amekubali kunipokea tena! Amesema niende tena Jumapili hii, bila chombo, bila sanduku. Niende mikono mitupu, nikae naye, nizungumze ukweli wangu kama mwanamume, naye atatoa jibu. Amesema hataki jingine lolote. Lakini amesema pia kwamba uongo mwingine mmoja tu, hata mdogo, na nisikanyage tena kwake.

Nina bahati iliyoje. Kabula ananitaka mimi, hivi nilivyo!

Alhamisi, 17 Julai

Sikulala. Nimewaza sana. Mikono mitupu? Ukweli tu? Hakuna baba duniani anayemtoa binti kirahisi namna hiyo. Ni mtihani. Mwandu amepita asubuhi kuniambia niende tu nilivyo, baba yake mkubwa ni mtu wa neno lake. Ndipo nilipopata hakika kwamba kuna kitu.

Kakese wanalima mpunga. Wanachohitaji ni nini? Shangazi amepanda baiskeli ya jirani tangu saa mbili, sasa hivi atakuwa ameshafika kwa Mzee. Nimemtuma aseme kwamba naendesha trekta.

Kuna trekta moja bovu nyuma ya gereji. Jioni nitakwenda kuangalia usukani wake uko upande gani.